Mfuta Visima

Behewa la saba, saa nane na nusu usiku.
Abiria thelathini na sita wamelala,
mmoja anakoroma kama msumeno butu.
Nje ni Gobi, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nimekaa kando ya samawari,
miguu juu ya ndoo ya makaa,
na kitabu cha wifi yangu Nyamsuren,
chenye doa la mafuta ya nyama ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.
Hapo ndipo alipoacha kutafuna, alisema,
na wewe utaacha hapo hapo.

Nilifika hapo kabla ya stesheni ya Choyr.
Niliacha. Chai ikafanya utando.

Kuna nchi humo ndani, inaitwa Tushvara.
Mito huandikishwa kama watoto wachanga,
milima hulipa kodi ya kivuli,
mbwa hubweka kwa zamu
na mkate ukianguka huombwa radhi.
Nimeishi humo siku tisa. Najua bei ya chumvi.
Najua mlango upi wa forodha hulia ukifunguliwa.

Shujaa yupo, ndiyo. Ana upanga, ana farasi mweupe,
ana kiapo anachokirudia kila sura
hadi nimeanza kuiruka mistari yake
kama mtu arukavyo madimbwi.
Mungu amsaidie.
Mimi nimemfuata Ulgezi.

Ulgezi, mchora ramani.
Hana pembe, hana jicho la moto, hacheki gizani.
Ana kikohozi kidogo, vidole safi,
na kipande cha mkate mkavu cha kufutia.
Akifuta kisima kwenye karatasi,
huko mbali ndoo hugonga mchanga.
Hufuta taratibu. Hupuliza makombo.
Na kabla ya kuingia nyumba atakayoikausha
hujifuta miguu mlangoni,
humuuliza mwenye nyumba habari ya mgongo wake,
na habari ya mgongo huisikiliza hadi mwisho.

Dada yake, Meremu, huiba majina ya watu
na kuyadarizi ndani ya koti lake, upande wa bitana.
Batsuuri wa behewa la nane anaapa huyo ndiye mbaya zaidi.
Tumebishana kwa siku mbili, kutoka mji mkuu hadi mpakani,
tukipokezana sepetu ya makaa.
"Bila maji unakufa mara moja," anasema,
"bila jina unakufa kila ukiitwa."
Lakini kikulacho ki nguoni mwako, Batsuuri,
na Meremu naye anaonekana, koti linameta!
Ulgezi ungemkaribisha.
Ungempa kiti kilicho karibu na jiko.

Nimecheka peke yangu humu, nimeuma kidole,
nimemwombea mwovu asishikwe, walau sura hii tu,
sura moja tena, nakuomba,
nami mtu mzima, mwenye sare na filimbi.

Halafu, baada ya kuipita Airag,
kitabu kilinitoka mapajani.
Miaka minne iliyopita nilimshusha kijana pale.
Hakuwa na tiketi. Kanuni ni kanuni.
Nilimwambia tafadhali.
Nilimshikia mlango.
Nilimuuliza kama ana glavu.
Sikumbuki alijibu nini,
maana treni ilikuwa imechelewa dakika sita
na mimi nilikuwa naandika hizo dakika sita
kwa mwandiko mzuri.

Zimebaki kurasa kumi na sita.
Shujaa yuko ngazini, anakipigia kelele kiapo chake.
Ulgezi ameitandaza ramani ya mwisho,
amechora nyumba hii hii, na meza, na mkono,
na mkate ameushika. Nimefunga kitabu,
nimeweka tiketi iliyotumika katikati.
Sitaki apone. Sitaki aishe.

Kitanda cha kumi na tisa kinagonga ukuta.
Ni bibi mwenye kofia ya sufu, anataka maji ya moto.
Nimejaza kikombe, nimekifuta ukingo,
nikamuuliza habari ya mgongo wake.

Ilikuwa ndefu.
Nilisimama hadi Sainshand.