Kiganja cha Karani

*Kwa Luhende, mwandishi wa kiini cha mfumo wa mizani za samaki, baada ya kukagua amri zake za kache ya prosesa*

Luhende, sisemi fumbo, usingizi sijapata,
Nimeusoma msimbo, kiini nikikipita,
Nimeukuta ulimbo, katika amri "futa":
Kwanza shusha kitabuni, kisha futa kiganjani.

Mizani yetu Kirumba, alfajiri mwaloni,
Nyanjige kakaza kamba, sangara wapo sahani,
Kioo kikajigamba, kilo za jana, jamani!
Kalipwa za siku gani, Nyanjige wa kule Kome?

Kache ni kama kiganja, cha karani wa haraka,
Namba mpya huzionja, buku bado kuzishika,
Ukimwosha, we mjanja, umeosha za hakika:
Kwanza shusha kitabuni, kisha futa kiganjani.

Wasema mezani kwako, ilipita mara mia,
Lakini huko si soko, lori halijaingia,
Ukifuta safu yako, na jirani huumia,
Safu moja hupakia, namba za watu wawili.

Ubeti huu, Luhende, nimeupitisha kwako:
Nilitaka ulipende, neno jema nililo
Kioo kikajigamba, kilo za jana, jamani!
Umeona?

Toleo jipya wangoja, Igombe nako Kayenze,
Usitume. Una hoja? Hoja zako uzitunze,
Njoo, tukae pamoja, msimbo upya tuanze:
Kwanza shusha kitabuni, kisha futa kiganjani.