Maelekezo ya Kufika kwa Skrini

Mtu akitaka kuja kwetu Cimpunda
hakuna namba mlangoni, hakuna bango la avenyu.
Namwambia motari: pandisha mpaka soko la Kadutu,
liache mkono wa kushoto, shuka ngazi za udongo,
ruka mabati mapya mawili, la tatu, lenye kutu, ndilo letu.
Ukipotea ulizia Mama Ntakwinja, anayekaanga sambaza.
Asipofika
kosa ni la maneno yangu, si la pikipiki yake.

Usiku huu namwelekeza mwingine.
Hana macho. Anaitwa kiini,
anakaa ndani ya kibao cha kijani kisichozidi kiganja,
na mimi nimemletea skrini
niliyoing'oa kwenye tableti iliyovunjika mgongo,
ili mashine ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni
ipate uso tena.
Mkunga Nsimire anaingoja. Tangu Pasaka
anahesabu kwa sikio na saa ya mkononi.

Kuna vifaa vyenye mdomo. Ukivichomeka tu
vinapiga hodi, vinataja jina na ukoo.
Skrini hii, hapana.
Utepe wake, mwembamba kama ganda la kitunguu,
unafika mlangoni na kunyamaza,
na kiini hakioni kisichoandikwa.
Basi naandika, tawi chini ya tawi:
huyu ni mwana wa njia ile,
nyumba yake namba sifuri,
kiwanda chake hiki, volti zake tatu na nukta tatu,
nyuzi zake nne,
biti inapita nyuma ya biti
kama ndoo kwenye bomba la Regideso, na hakuna kusukumana.
Njia ina ncha mbili: huku naandika "kule",
kule sharti niandike "huku".
Mmoja akimtaja mwenzake na mwenzake asimtaje
hakuna ndoa hapo.

Nikawasha. Giza.
Nikasoma tena: waya wa kuamsha nimeuandika kinyume,
wenyewe ukishushwa ndipo unaitika.
Nikageuza. Michirizi myeupe, basi.

Saa tano kurani ikakatika,
kwartie nzima ikaguna kwa sauti moja.
Nikaendelea kwa betri ya pikipiki ya kaka,
tochi ya simu nimeiuma menoni.
Chini ya lenzi nikaufuata utepe kwa ncha ya sindano.
Nyuzi zilizounganishwa ni mbili.
Nne zilikuwa kwenye karatasi.
Niliiamini karatasi kuliko shaba.

Baba yangu Zihalirwa alirudishwa dirishani,
mara ngapi sijui,
kwa sababu kitabu cha komini kilikosa mstari wake.
Amesimama mbele yao, anakohoa, kofia mkononi,
nao wanamwambia: hauko.
Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika koti lake.
Alikuwako. Lilinuka sabuni.

Nikafuta nne, nikaandika mbili.
Kwenye mstari wa hali palikuwa na neno la kuzima,
nikaweka lile fupi la kigeni, maana yake sawa.
Amri ya kwanza: amka.
Kisha ngoja milisekunde mia moja na ishirini,
aliyetoka usingizini haharakishwi.
Amri ya pili: onyesha.

Ikaonyesha.
Namba, gridi, mstari wa kijani unaosubiri moyo,
vyote kichwa chini, miguu juu.
Nikacheka peke yangu gizani, tochi ikaanguka.
Hivyo ndivyo mtoto anavyotakiwa kulala mwezi wa tisa,
Nsimire angesema; usimguse.

Umebaki mstari mmoja, wa kugeuza.
Nitauandika asubuhi.