Tone Moja, Jicho Moja

Shika mabawa kwa chini, usimkabe,
anasema Pazi, na kichupa chake amekiviringisha
kitambaa kibichi, kama aliyebeba yai la mwenzake.
Saa kumi na moja na nusu. Kitunda bado giza,
umeme ulikatika jana katikati ya taarifa ya habari.
Tunu ameshika tochi ya simu, asilimia tisa.

Wa kwanza ni kishingo wetu.
Kichwa ubavu, jicho juu.
Tone linaning'inia kwenye ncha ya plastiki,
linafikiria,
linadondoka.
Subiri apepese, anasema Pazi.
Asipopepesa hujachanja, umemnawisha uso tu.
Kishingo anapepesa.
Mmoja.

Mwaka jana nilihesabu kwa kurudi nyuma.
Hamsini na wawili Jumatatu, arobaini Jumatano,
kinyesi cha kijani mpaka kizingitini,
na jogoo mwekundu, mwamshaji wa mtaa mzima,
shingo imempinda, anaitazama mbingu kwa upande
kama anayesoma bango lililobandikwa vibaya.
Mimi nilisema kideri. Majirani wakanong'ona mafua ya ndege,
wakaziba pua kwa ncha za kanga.
Kwa jina lolote lile, banda lilinyamaza.

Kuna jambo sijamwambia Pazi.
Alhamisi ile, kabla ya adhana,
niliwatia kumi na wanne kwenye tenga,
wale waliokuwa bado wanasimama,
nikawafikisha sokoni wangali na joto.
Muuza chipsi hakuuliza. Sikusema.
Nilirudi na ada ya Tunu nimeikunja kifuani,
kila noti inanuka manyoya.

Na pembeni yangu, pale sokoni,
palikuwa na tenga la mama mmoja wa Chanika.
Kuku wake wazima, undu mwekundu kama pilipili,
walitoa vichwa kwenye matundu
kuwachungulia wangu, mdomo kwa mdomo.
Yule mama alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake.
Jina lake pia sikuuliza.

Kumi na tisa. Ishirini.
Tetea wa madoa amegoma kupepesa.
Tone limetulia juu ya jicho lake la manjano,
na ndani ya tone nipo mimi, mdogo,
nimeshika mabawa.
Subiri, anasema Pazi.
Nasubiri.
Ishirini na moja.

Baba Elineema amepanda tofali ng'ambo ya mabati.
Shilingi ngapi?
Mia kwa kuku.
Wangu hawaumwi.
Ndio wanaochanjwa, mzee, wasioumwa.
Anacheka, anashuka, tunasikia mswaki wake.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Sawa. Na ugonjwa mgeni, utaufunga mguu upi?
Chini ya mabati pana tundu la ukubwa wa sufuria,
na jogoo wake mdogo kesha ingia kwetu,
anadonoa pumba kama mwana wa nyumba.
Huyu wa nani? anauliza Pazi.
Natazama mabati. Natoa mia nyingine.
Wangu, nasema,
na namshika mabawa, kwa chini.

Simu imezima. Haidhuru, kumekucha.
Tunu ananawa, ana hesabu saa mbili.
Pazi anakiinua kichupa kwenye mwanga:
kilikuja na matone mia, tumetumia thelathini na mawili.
Kikishafunguliwa hakilali, anasema,
yanayobaki jioni namwaga.

Anafunga mkoba. Anavaa kofia ya pikipiki.
Mdomo wangu unafunguka wenyewe.
Pazi, Chanika unafika?
Nafika. Kwa nani?

Simjui jina, nasema.
Anauza kuku. Ana chupa ya chai ya bluu.
Ngoja nichukue kanga, twende wote.