Kipimo cha Bi Mwanamkuu

Mhandisi wa wilaya alikuja na ramani,
akaitandaza juu ya boneti, akaweka jiwe kila pembe.
"Hiki ndicho chumba cha kujifungulia," akasema,
na kidole chake kikatua penye dirisha
linalotazama barabara ya Pangani.

Tulinyamaza. Mimi ni katibu, kazi yangu kuandika,
nikaandika: wajumbe walinyamaza.
Ndipo Bi Mwanamkuu Kibwana,
mkunga tangu mkonge ungali na bei,
akavua ndara, akalala chali
pale pale kwenye vumbi la zahanati kuukuu,
chini ya bati lenye matundu kama chekeche.
"Nipigie mstari," akaniambia.

Nikachora kwa kipande cha mkaa: kichwa, mabega, magoti.
Akaongeza shangazi kulia, nesi mbele,
beseni, taa, na mahali pa bibi mzaa mama
asiambiwe kila mara, "Sogea."
Mhandisi akahesabu hatua. Ramani yake haikutosha.

"Na hilo dirisha ligeuke," akasema akijikung'uta,
"litazame minazi. Minazi haina umbea."
"Nani ataidhinisha?"
Funguo za zahanati zilikuwa kiunoni mwake. Zikalia.

Sefu Mnyampanda alitaka marumaru;
tukamuuliza nani atalipa, akataka saruji.
Mifuko arobaini na mmoja. Mmoja uliganda,
sasa ni kigoda cha wanaosubiri dawa.
Vibarua wa mkonge walitoa Jumapili zao,
akina mama maji, ndoo kwa ndoo, kutoka kisima cha msikiti.
Kila msumari ninao daftarini.

Daftari lile jingine, la vizazi, silisemi sana.
Masika ya mwaka juzi yaliingia kabatini,
wino ukatembea,
watoto tisa wakawa doa moja la samawati.
Mmoja ni wangu. Anakimbia hapo uani,
hajui kwamba kwenye karatasi bado ni doa.

Jana mvua imepiga usiku kucha.
Nesi Eliwaza aliweka ndoo mahali pake, kwa mazoea;
alfajiri akaikuta kavu, akacheka peke yake.
Mlango haujafika kutoka Muheza,
fundi anasema kesho, tangu Ijumaa ile.
Pametundikwa kanga,
na nyuma ya kanga nasikia:
"Bibi, sogea kidogo."
"Sisogei. Hapa pangu palichorwa."