Nyumba ya Mapipa

Kivuko kimefungwa saa kumi na mbili na robo.
Nahodha keshavua buti, keshaukalia ufunguo;
mimi na sanduku langu la chanjo tumebaki ng'ambo isiyo yetu,
barafu ndani yake ikijihesabia saa.
"Nenda kwa Ntibazi," akasema, akinyoosha kidevu
kuelekea mafunjo. "Analaza watu juu ya Malagarasi."

Nikaikuta hoteli imefungwa kamba kama mbuzi:
mapipa kumi na manne yaliyowahi kubeba mawese,
juu ya mapipa mbao za mninga,
juu ya mbao vyumba vitatu vya matete,
na juu ya paa kuku mmoja
mwenye adabu za mpangaji wa siku nyingi.
Kibao cha chaki mlangoni:
KARIBUNI. MSISIMAME WOTE UPANDE MMOJA.

Ntibazi akafungua daftari la wageni.
Jina. Kabila (hapo alishapiga mstari, hapajazwi tena).
Unakotoka: Kigoma mjini.
Unakokwenda: Sunuka, watoto wa surua.
"Na hoteli yenyewe inakwenda wapi?" nikamtania.
Akafikiri kwelikweli, kalamu mdomoni.
"Hiyo," akasema, "sijawahi kuiandikisha."

Tukala ugali wa muhogo, mgebuka ndani ya mawese,
vidole vikabaki na rangi ya machweo hadi kesho yake.
Akasimulia bila kuulizwa:
mto ulinilia nyumba mbili za tope,
ya kwanza na kitanda, ya pili na shahada ya ndoa.
Ya tatu nikaona heri nimkabidhi mwenyewe,
aibebe mgongoni, tuone kama atajila.

Kitandani, godoro la sufi, chandarua
kilichozibwa matundu kwa uzi mwekundu.
Kati ya ubao na ubao, upenyo wa kidole:
nikachungulia, nikaona mwezi
umelala chini yangu, unatikisika kidogo
kama mgonjwa anayekataa kusema panapouma.
Chura huyu, chura yule.
Halafu kimya ambacho si cha chura.

Pipa likagongwa. Nyumba ikapanda, ikashuka.
Nikakumbatia sanduku kwanza, nafsi baadaye.
"Ni kiboko," sauti ya Ntibazi ikapita ukutani.
"Anajikuna mgongo. Mteja wa zamani.
Halipi, ila havunji."

Usingizi haukurudi. Nikafunua kipimajoto:
nyuzi saba, na mstari ukielekea nane.
Dozi mia mbili na arobaini.
Hakuniuliza kitu. Akachovya gunia mtoni,
akalivika sanduku kama maiti ya heshima,
la, kama mtoto mchanga, nisahihishe,
akaketi kando yake na ungo
akilipepea mpaka jogoo wa Kajeje,
ilhali upepo wa ziwa ulipanda mto kwa nyuma
na kutusukuma taratibu, bila kutuambia.

Asubuhi nikafungua mlango nipige mswaki.
Jana ulitazama Ilagala, na moshi wake, na deni langu la chai.
Leo ulitazama ng'ambo:
michikichi, njia nyembamba, mwanamke anaosha sufuria.
Kamba ni ileile, kigingi kilekile.
Nyumba tu ndiyo iliyogeuka usingizini
kama mtu aliyechoka kulalia ubavu mmoja.

Nyuzi saba na nusu.
Nikalipa elfu nane; chenji hana,
akanipa mawese kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Saa nne, Sunuka, chini ya bati la shule,
ardhi ngumu kabisa, ya mawe, haijawahi kwenda popote,
nimetanua miguu, sindano mkononi,
na bado chini yangu kitu kinapanda, kinashuka.
Binti wa kwanza kwenye foleni, mkono keshautoa,
akanikazia macho:
"Muuguzi, mbona unayumba?"
Nikamwambia asitazame.
Akatazama.