Zebaki

Zdravka ameandika muziki wa kufa:
fidla kumi na nne, tarumbeta mbili, kwaya ya mji,
na wanawake wanne wafumao lesi
watakaogonganisha vijiti vyao mbele ya maikrofoni.
Nasema "wa kufa." Yeye hunisahihisha: wa kuwa na mwisho.

Tunafanyia mazoezi ukumbi wa mpira wa kikapu,
Idrija, Februari, makoti mabegani,
theluji ikiyeyuka chini ya viti.
Mimi ni besi, safu ya nyuma. Mchana natengeneza majokofu.

Ukurasa wa tisa fidla hazina wimbo,
zinatetemeka tu. Kijana mmoja kutoka Ljubljana
aliutetemesha upinde kwa madaha, kama yuko harusini.
Zdravka akaisimamisha okestra nzima.
"Sivyo. Mkono huu hautaki kutetemeka.
Mkono huu unataka kufikisha kijiko cha supu mdomoni."

Sisi wenyeji tukainamisha macho,
maana kila mmoja amekula meza moja na mkono ule.
Babu yangu Bogomir, miaka ishirini na sita mgodini,
zebaki ilimwingia kwa pumzi,
haina harufu, haina haraka,
hata akawa anafunga vifungo vya shati kwa dakika kumi
na ole wako umsaidie.

Mgodi ulishafungwa. Mikono ile iko kilimani, chini ya mawe,
nadhani imetulia. Sijui.

Kisha zamu yetu: noti moja tu, ya chini, dakika nne.
Hakuna kifua kinachoiweza.
"Ibeni pumzi," akasema, "ila msiibe pamoja.
Ukirudi, rudi kimyakimya,
kama aliyechelewa misa."

Kushoto kwangu Vojko, mapafu ya sigara,
aliishiwa mapema. Nikalisikia pengo lake,
kisha sikulisikia tena.
Nilipoishiwa mimi, nikatega sikio:
noti ipo. Haikupungua hata chembe.

Iliniudhi kidogo, nakiri.

Nikavuta hewa ya ukumbi, jasho na mpira na makoti mabichi,
nikarudi kwa kunyata, nikipapasa mahali pangu.

Wakati wa chai Tončka alitufunulia mto wake.
Tulidhani anagonga vijiti tu, tik, tik-tik,
kumbe alikuwa akifuma kweli:
lesi urefu wa kidole,
pini bado zimeshika, nyuzi zinaning'inia.