Kinanda cha Elfu Kumi na Tisa

Nilikinunua Makadara, kwa fundi Twalib Shebwana:
elfu kumi taslimu, tisa zilizobaki kwa simu,
mia tano mia tano, Ijumaa kumi na nane.
Jina lake limekwaruzwa,
imebaki R na nusu ya herufi nyengine.
Vitufe thelathini na saba, kimoja kimeshikwa na gundi.
Mke wa Twalib alikuwa akikiwekea sahani za mahamri.

"Sikiza," akanambia, "humu ndani mna wawili.
Wa kwanza ni hesabu tupu, moja na sufuri,
huzaa sauti kwa kuhesabu, wala hakosei,
hata umweke juani Machi nzima.
Wa pili ni waya na kapasita.
Huyo ni kama sisi, joto humpanda.
Wa kwanza akuna nazi, wa pili ni kifumbu.
Vile ambavyo ni waya mwanzo hadi mwisho
bei yake ni kiwanja Mtwapa.
Hiki ni cha sisi tuliokutana na pesa nusu njia."

Nikasema Ijumaa, inshallah.
Kifumbu sikukikubali.

Nyumbani Kibokoni nikazima feni,
nikabonyeza la ya chini.
Sauti ikatoka kavu, bati likikatwa kwa msumeno.
Paka akaondoka.
Nikashika kile kidude cheusi kilichochubuka,
nikakizungusha kurudi nyuma,
taratibu, kama mtu afungaye mlango
wa chumba alimolala mtoto.
Yakaenda makali, ukaenda mng'aro,
ikaenda hata ncha ya noti,
ukabaki mvumo, tumbo la sauti peke yake.

Si kifumbu hiki, Twalib. Ni ukuta.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama amekaa eda,
redio imefunikwa leso, tena leso ya kukunjwa mara mbili,
na nyumba ya nyuma Bi Rukiya Kheri anaoza.
Baina yetu, mawe ya matumbawe, unene wa mkono wangu mzima,
chokaa ikibanduka kwa chumvi.
Maneno ya wimbo yalikwama upande wa pili,
na fidla, na vigelegele, na nani kavaa nini.
Kilichovuka ni besi tu, na kishindo cha ngoma,
kikanipanda mgongoni nilipoegemea.
Mama naye alikuwa ameegemea.
Hatukutazamana.
Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kikihesabu.

"Swabra!" Sauti yatoka jikoni.
"Nyimbo hiyo waipata wapi?"
"Si nyimbo, mama. Ni la moja tu."
Sufuria ikawekwa chini.
"Basi la hilo usilizime."

Jumamosi nilikipeleka harusini, Majengo.
Wanawake mia tatu, mapazia yamefungwa,
udi, jasho, feni mbili na moja ni pambo.
Katikati ya wimbo wa tatu yule wa pili akapandwa na joto,
mlango nilioufunga ukaanza kufunguka wenyewe,
sauti ikang'aa pasipo mkono wangu.
Yule wa hesabu hakutetereka, noti zote mahali pake.
Shangazi wa bibi harusi akapaza: "Weye, n'nini hicho?"
"Chatoka jasho," nikamjibu, "kama wewe."
Wakacheka, wakanitunza noti za mia mia,
moja ikanasa baina ya vitufe, nikapiga nayo hadi mwisho.

Ijumaa nilimtumia Twalib mia tano zake,
ya sita. Bado kumi na mbili.
Akanipigia papo hapo.
"Kifumbu chafanyaje?"
"Chavuja kidogo."
"Kilete nikizibe."
Nikatazama ukuta wetu, pale chokaa ilipobanduka
kwa kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi.
"La," nikasema. "Kiache."